Riwaya ya mapenzi si kila riwaya yenye mapenzi

Mtoto wa kaka yangu, anayesoma chuo kikuu Tunguu, aliniletea kitabu siku chache kabla ya Ramadhani. "Shangazi, chukua hiki. Riwaya ya mapenzi ya kufa mtu." Nikamwamini. Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikajifungia chumbani, simu nimeizima, feni inazunguka, nikasoma mpaka magharibi. Na kweli kijana hakusema uongo: alikufa mtu. Alikufa msichana mwenyewe, akafuatia mama yake kwa presha, na yule kijana aliyekuwa akimpenda akapanda boti kwenda Dar es Salaam asionekane tena. Nikabaki na kitabu mapajani na kikombe cha chai kilichofanya utando.

Hiyo ni mara ya tatu ndani ya mwaka mmoja kupewa "riwaya ya mapenzi" ambayo siyo. Na kuna nyingine siihesabu, kwa sababu ilikuwa kinyume chake. Tulikuwa harusini Kikwajuni, bibi mmoja ninayemheshimu sana akasikia kwamba mimi ni msomaji wa vitabu hivyo. Akaniinamia sikioni: "Mwanangu, na utu uzima huu bado unasoma matusi?" Kwa kijana neno lile ni kilio, kwa bibi ni aibu. Mimi ninayevisoma tangu nina miaka kumi na nne sipo kwa huyu wala kwa yule.

Tuliweke sawa basi. Riwaya ya mapenzi ni hadithi ndefu ya kubuni ambayo shina lake ni watu wawili wanaopendana, au wanaoelekea kupendana, na mwisho wake ni wao kupatana. Shina, na mwisho. Chama cha waandishi wa riwaya hizi kule Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, nacho kiliweka masharti hayohayo mawili: mapenzi yawe katikati ya kisa, na kitabu kiishe kwa kumridhisha msomaji na kumpa matumaini. Mengine yote, wakiwemo majini, wapelelezi, wafalme au madaktari, ni viungo tu. Mwandishi atie apendavyo. Maana ni hiyo, na ingekuwa watu wanaishika nisingeandika.

Kinachonikera ni silabi moja. Watu wanasema "riwaya ya mapenzi" pale ambapo walitakiwa kusema "riwaya yenye mapenzi", na Kiswahili hakikutupa "ya" na "yenye" ili tuzichanganye. Nyumba ya mawe ni hizi za Mji Mkongwe: ukiyatoa mawe huna nyumba. Nyumba yenye mawe ni yangu mimi, Fuoni, ambako fundi aliacha rundo la mawe uani akasema atarudi kesho, na kesho yake haijafika mpaka leo. Mawe yangu ukiyatoa nitakushukuru, na nyumba itabaki palepale.

Kwa hiyo kipimo changu ni hicho: toa mapenzi, uone kama kitabu kinasimama. Chukua Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kufanywa filamu mwaka 2021. Tangu filamu ile, nimewasikia watu wazima, wenye shahada zao, wakiitaja kuwa ni riwaya ya mapenzi kwa sababu Yasmin na Denge wanapendana. Wanapendana, sikatai, na wanapendana vizuri. Lakini Denge ni mpigania uhuru anayesakwa na askari wa mkoloni, na Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee akamkimbia na kutengwa na watu wake. Toa mapenzi yao, bado unabaki na Unguja ya zama za Mwingereza, na rangi, na dini, na siasa. Chumvi imepungua, chakula bado kipo. Kuiita riwaya ya mapenzi ni kuipunguzia kazi aliyoifanya mwandishi wake, na pia ni kumdanganya msomaji kama mimi aliyekuwa anatafuta kitu kingine siku hiyo.

Jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, alinipinga kwa mkate wa ufuta. "Ufuta uko juu tu, mwanangu. Ndani ni unga na tui. Mbona husemi mkate wenye ufuta?" Swali likanilaza macho. Asubuhi nikampelekea jibu hadi barazani kwake: ufuta ndio unaoupa mkate ule jina na harufu, na ukiuondoa hupati mkate wa ufuta uliopungua, unapata mkate mwengine kabisa. Hakukubali, ila alinikaribisha kahawa, na kwa mwalimu yule hiyo ni nusu ya kukubali.

Sasa maneno yenyewe, maana hapo ndipo penye utamu.

"Riwaya" tumeipokea kutoka Kiarabu, na mtu aliyesoma chuo utotoni, nasema chuo cha Kurani, alilisikia neno hilo kabla hajajua kwamba duniani kuna vitabu vya kubuni. Msahafu tunaosoma hapa kwetu ni wa riwaya ya Hafs kutoka kwa Asim, yaani usomaji kama alivyoupokea Hafs na kuwafikishia wengine. Riwaya asili yake ni kupokea na kufikisha. Anayefikisha ni rawi, awe amebeba hadithi za Mtume au mashairi ya Waarabu wa kale. Yeye hazui, kuzua ndiyo dhambi yake kubwa. Halafu angalia kilichotokea: neno la mtu asiyeruhusiwa kuongeza hata herufi tumempa mtu anayezua kila kitu, kuanzia jina la shujaa mpaka rangi ya pazia.

Mzizi huohuo una maana nyingine kwa Waarabu, ya kunywesha na kukata kiu. Ngamia anayebeba maji huitwa rawiya. Mbeba shairi na mbeba maji wamechipuka shina moja. Hapa nikiri napendelea upande wangu, lakini nikikisoma kitabu Ijumaa nzima kikaniacha na koo kavu, naona mzizi wa neno unanipa haki ya kulalamika.

Wazungu nao wasijione wametutangulia. Neno lao, lile ambalo vijana wetu wanalitamka romansi, mwanzoni halikuwa na mapenzi ndani yake hata chembe. Limetoka Kifaransa cha kale, romanz, na lilikuwa jina la lugha: lugha ya watu wa kawaida iliyochipuka kutoka Kilatini, si Kilatini chenyewe cha makasisi na wasomi. Kisa kilichoandikwa kwa lugha hiyo ya mitaani nacho kikaitwa hivyohivyo. Karne ya 12 visa hivyo vilikuwa vya mashujaa wapanda farasi, mapanga na safari. Mabibi walikuwemo, na mapenzi yalikuwemo, lakini jina halikutokana nao. Mapenzi yalikuja kulimeza neno taratibu, kama mwani unavyomeza kamba. Na Mfaransa mpaka leo akisema roman anakusudia riwaya yoyote ile, hata ya vita. Kwa hiyo mpwa wangu angekuwa Mfaransa ningemsamehe.

Biashara ndiyo iliyolifunga neno mahali lilipo sasa. Mills & Boon ilianzishwa London mwaka 1908 ikichapisha vitabu vya kila namna, na ni katika miaka ya 1930 ndipo ilipoegemea mapenzi. Harlequin ya Kanada ilianza mwaka 1949, nayo ikainunua Mills & Boon mwaka 1971. Vile vitabu vyao vidogo, karatasi imegeuka manjano, jalada limeshikiwa na gundi ya karatasi, ndivyo nilivyoanza navyo. Dada zangu wakubwa walivificha chini ya godoro na mimi nikavifichua. Nusu ya Kiingereza sikukielewa. Mwisho nilikuwa naujua kabla sijafungua, na hilo halikunipunguzia hamu hata kidogo. Harusini sote tunajua kwamba bibi harusi atatoka. Nani amewahi kubaki nyumbani kwa kuwa anajua?

Turudi nyumbani. "Mapenzi" ni letu wenyewe, la Kibantu, kutoka kupenda, na kupenda hakukuwa jambo la moyo kudunda peke yake. Kulikuwa ni kutaka na kuchagua. Maana hiyo haijafa: "ukipenda, njoo", "fanya upendavyo", "kwa mapenzi ya Mungu", ambapo hakuna anayefikiria barua zenye manukato. Nalishikilia hili kwa sababu nitalirudia nikifika kwa mabosi.

"Mahaba" tumelitoa kwa Waarabu pamoja na ndugu yake "huba". Na hapa ndipo ninapotaka kumjibu yule bibi wa Kikwajuni, kwa adabu. Mahaba ni neno tunalolisikia maulidini, mahaba ya Mtume, watu wamevaa kanzu na udi unafuka. Lakini kwa kuwa sisi tuna haya, tukitaka kutaja jambo la chumbani tunaazima neno zuri tulifunike, na mahaba yakaazimwa mara nyingi mpaka hayakurudishwa. Sasa mtu akisema "riwaya ya mahaba" anakukonyeza. Ukweli ni kwamba ya chumbani si sharti la riwaya hizi. Kuna ambazo mlango unafungwa na msomaji anaachwa ukumbini, na kuna ambazo haufungwi hata kwa komeo. Zote ni riwaya za mapenzi, kwa sababu hukumu haiko mlangoni. Kitabu ambacho ukitoa ya chumbani hakibaki na kitu, hicho kitafutiwe jina lake, mimi sikigombei.

Nimejiuliza kwa nini kosa la upande wa pili, la kilio, limeota mizizi hasa hapa kwetu. Nadhani ni masikio yetu. Tangu santuri za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 hadi taarabu ya leo, tumezoea kwamba anayeimba mapenzi analalamika. Ametupwa, amesalitiwa, halali, hali. Mwenye raha haimbi, ameshughulika. Na kabla ya santuri kulikuwa na Laila na Majinuni, ambao mpaka leo mtu akipenda kupita kiasi tunamwita majinuni. Yule alichanganyikiwa jangwani na wote wawili wakafa. Ni kisa cha mapenzi, tena kikubwa kuliko vyote ninavyovijua, na si riwaya ya mapenzi, wala hakina haja ya kuwa. Cheo chake hakipungui.

Lakini hao wanaoniambia kwamba mwisho mwema ni mambo ya Kizungu wamewasahau bibi zao. Paukwa? Pakawa. Na hadithi iliishaje? Wakakaa raha mustarehe. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London hadithi alizosimuliwa hapa Unguja, na wakati huo kampuni hizo za vitabu hazijazaliwa. Raha mustarehe ilikuwepo ukumbini kwetu, juu ya jamvi, kabla ya umeme. Kilichobadilika ni kwamba bibi aliifikia kwa sentensi moja, na riwaya inatakiwa kuifikia kwa kurasa mia mbili, kila ukurasa ukiulizia kama kweli watafika.

Sasa, kwa kuwa nimejitangaza msomaji, mtu asidhani nazitetea zote. Za siku hizi, hizi zinazokuja kwenye simu kwa sehemu, sehemu ya kwanza mpaka ya kumi bure na zilizobaki utume pesa, zina mambo yake. Shujaa lazima awe bosi. Amekunja ndita, ana gari jeusi, ana ghorofa, hacheki. Msichana ni maskini, yatima nusu au kamili, na siku ya kwanza kazini anammwagia kahawa. Mavyaa ni shetani bila likizo. Panapokwama, gari linamgonga mtu na anapoteza kumbukumbu. Katika maisha yangu sijakutana hata na mmoja aliyepoteza kumbukumbu kwa kugongwa na gari, ila riwayani nimeshakutana nao kumi na moja, na wote walikuwa wamemsahau mchumba tu. Namba ya siri ya benki walikuwa nayo.

Haya yote nayavumilia. Nitakwambia na zaidi: ndoa ya mkataba, ile ya watu wasiojuana wanaooana kwa sababu ya deni au wosia kisha wakapendana, naipenda sana, na namshangaa mwandishi wa kwetu anayeiga ile ya kutoka nje. Bibi yangu alimwona babu kwa mara ya kwanza usiku wa harusi. Alituhadithia jinsi walivyokaa wiki nzima wakizungumzia bei ya nazi tu, mpaka siku moja babu akamletea embe alilolimenya mwenyewe. Mapenzi baada ya nikahi tunayajua sisi kuliko mtu yeyote. Hapo hatuhitaji bosi wala wakili, tunahitaji embe.

Nisichokivumilia ni bosi anayefunga mlango kwa ufunguo. Anayempokonya msichana simu, anayempiga kibao sehemu ya kumi na tano na kumnunulia cheni ya dhahabu sehemu ya kumi na sita, na mwandishi anatunong'oneza kwamba wivu ni dalili ya mapenzi. Ndiyo maana niliomba lile la kupenda na kutaka lishikiliwe. Aliyefungiwa hajachagua. Kama hajachagua, neno mapenzi limepata wapi pa kuingilia? Kitabu cha namna hiyo hata kiishe kwa fungate Nungwi, hakijatimiza sharti la kwanza. Shoga yangu mmoja (na neno hili nalo lina kesi yake, tuliache) ananiambia nachukulia mambo kwa uzito, ni burudani tu. Burudani ndiyo ninayoidai.

Na fungate hizo za Nungwi nazo! Kila mwandishi kutoka bara anayewaleta wapenzi Unguja anatia harufu ya karafuu kila ukurasa. Karafuu nyingi iko Pemba, na inanukia msimu wake, ikianikwa majamvini. Miezi mingine Mji Mkongwe unanuka bahari, moshi wa vespa, na urojo. Urojo mzuri unaweza kumfanya mtu apendwe, jaribuni.

Nikirudi kwenye neno, ombi langu ni dogo na sitaki ugomvi na mtu. Ukiwa na kitabu ambacho ndani yake watu wanapendana na mwishoni wanazikana, ni kitabu halali, pengine bora kuliko vyote nilivyonavyo kabatini. Kiite riwaya yenye mapenzi, au riwaya ya huzuni, au useme riwaya tu, msomaji ajipange. Cha chumbani kiite cha chumbani. Na ukitaja riwaya ya mapenzi, ujue umemwahidi mtu kitu.

Jumapili iliyopita mpwa wangu kaja tena na mkoba wake. Kabla hajakitoa nikamwuliza, "Baba, mwishoni wanakaa pamoja?"

Akafikiri, akajikuna kisogo. "Shangazi, yeye anakwenda Muscat. Ila wanaandikiana."

"Basi hiyo sema riwaya yenye mapenzi. Iweke hapo mezani, nitaisoma, ila si siku ya Ijumaa."